Mtoto wa Bunia achore kama nani? Historia fupi ya somo la kuchora, kutoka Vienna mpaka pori ya Ituri



Nianze na kitu kilichonitokea mimi mwenyewe. Wakati wa staji yangu katika shule moja ya msingi hapa Bunia, nilipewa darasa la mwaka wa tatu, saa ya mwisho ya Ijumaa. Saa ya kuchora. Nilifanya vile sisi wote tulifanyiwaka tukiwa wadogo: nilichora chungu cha maua kwenye ubao, nikageuka, nikasema, "Chora hivi." Watoto zaidi ya sitini wakachora chungu. Kilikuwa chungu kimoja, mara sitini.

Mtoto mmoja, wa familia iliyokimbia vita upande wa Djugu, alimaliza mbele ya wenzake. Akafungua ukurasa wa nyuma wa kaye yake na kuanza kuchora kitu kingine: nyumba, mti wa avoka, mtu amebeba godoro kwa kichwa. Nikamuuliza, "Hii ni nini?" Akajibu, "Ni siku tulitoka." Mwalimu mwenye darasa alipoona, alimwambia afute, juu haikuwa kazi iliyoombwa. Mtoto akafuta. Na mimi, stajie, nilinyamaza.

Kunyamaza kwangu ndiko kumenisukuma kusoma historia ya somo hili. Leo ukifungua telefone utapata masomo tayari ya kufundisha watoto kuchora kwa kufuata wasanii wakubwa: wiki hii Van Gogh na maua yake ya alizeti, wiki ijayo Picasso, halafu Matisse na makaratasi yake ya kukatwa kwa mkasi. Ni wazo zuri, na linashinda chungu changu cha maua. Lakini kwa mwalimu wa Bunia linaleta maswali matatu. Msanii mkubwa ni nani? Nani aliamua kwamba ni mkubwa? Na yule mtoto mwenye godoro, atafuata nani?

Maswali haya si ya leo. Watu wameyabishania zaidi ya miaka mia moja, na sehemu ya ubishi huo ilipita karibu na sisi kabisa.

Kutoka Vienna mpaka Makerere

Zamani kule Ulaya pia, kuchora shuleni kulikuwa kunakili. Mwalimu anaweka kielelezo, mtoto anafuata. Mwaka 1897, mwalimu mmoja wa Vienna, Austria, jina lake Franz Cižek, alifungua darasa la watoto akakataa njia hiyo. Alisema mtoto ana sanaa yake mwenyewe, kazi ya mwalimu ni kumpa vifaa na kumpisha. Michoro ya wanafunzi wake ilionyeshwa London mwaka 1920, na walimu wengi wakashangaa kuona kitu watoto wanaweza kufanya wakiachiwa.

Uingereza kulikuwa na mwalimu mwingine, Marion Richardson, aliyekuwa amefikia wazo kama hilo kwa njia yake. Aliwaambia wanafunzi wafunge macho, akawasimulia mahali fulani kwa maneno, kisha wakafungua macho na kuchora kile walichokiona ndani ya kichwa.

Mmoja wa waliofundishwa na Richardson alikuwa Margaret Trowell. Huyu ndiye anatuhusu, juu alikuja kuishi Uganda, ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 1937 alianza kufundisha sanaa Makerere na kikundi kidogo cha wanafunzi. Hakuwaonyesha michoro ya Ulaya ili waifuate. Aliwasimulia hadithi, akawaambia wachore maisha wanayoyajua: shamba, soko, harusi, msafara wa watu mlimani. Kutoka mikononi mwake alitoka Gregory Maloba wa Kenya, aliyechonga mnara wa uhuru ulioko Kampala mpaka leo. Alitoka pia Sam Ntiro kutoka Kilimanjaro, mchoraji wa maisha ya kijiji cha Wachagga, ambaye baadaye aliwakilisha Tanganyika huru kule London kama balozi. Na alitoka Elimo Njau, aliyechora ukutani mwa kanisa la Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu katika nchi ya Waafrika na kwa sura za Waafrika.

Mpaka hapo mtu atasema: basi jibu tumepata, usimwonyeshe mtoto msanii yeyote, mwache tu. Polepole kwanza. Trowell alipoondoka, mwaka 1958 shule ile ilichukuliwa na Cecil Todd kutoka Afrika ya Kusini. Todd aliona kinyume. Kwake yeye, kumficha mwanafunzi wa Kiafrika sanaa ya dunia ilikuwa kumnyima haki. Mwanafunzi wa London anaruhusiwa kuona kila kitu, kwa nini wa Kampala afungiwe katika kijiji chake? Todd akaleta historia ya sanaa ya Ulaya, mafundisho ya rangi, wachoraji wa kisasa.

Nilipofika hapa nilikaa muda kidogo. Wote wawili walikuwa na sababu. Lakini tazama vizuri: wote wawili walikuwa wageni wanaoamua Mwafrika aone nini na asione nini. Mmoja alifunga mlango kwa upendo, mwingine akaufungua kwa upande mmoja tu.

Kwetu Kongo: karatasi, hangari na shule ya mabruda

Kongo yetu ilipita njia ileile, na kwa sehemu ilitangulia. Mwaka 1926, kule Bukama katika Katanga, ofisa mmoja wa Kibelgiji, Georges Thiry, aliona nyumba za watu zimechorwa ukutani zikampendeza. Alijua mvua itazifuta. Akampa Albert Lubaki, aliyekuwa mchonga pembe za ndovu, karatasi na rangi za maji. Lubaki akahamisha ukuta kwenye karatasi: wanyama, wawindaji, wazungu kwenye masafari, magari. Mke wake Antoinette naye alichora. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Bruxelles, mwaka uliofuata Genève. Wazungu walisifu sana. Lakini hakuna aliyejenga shule nyuma ya sifa hizo. Ilipopita miaka michache, mambo yalizimika, na Lubaki mwenyewe akapotea katika maandishi.

Baada ya vita ya pili ya dunia, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa afisa wa jeshi, alifungua mwaka 1946 karakana ya kuchora huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Watu waliiita Le Hangar. Vijana walioingia hawakuwa wametoka shule ya sanaa. Romain-Desfossés aliwaambia: tazameni pori, tazameni maji, chora mnachokijua, na asimwige yeyote mwenzake. Kila mmoja akapata mkono wake. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka, na nyuma yao akajaza nukta na mistari midogo mpaka hewa yenyewe ikaonekana inatembea. Bela Sara, mtu wa Chad, aliacha brosi akachora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi inayolala pamoja, ukiitazama utasema ni mkeka unasukwa.

Ni kazi nzuri, na mpaka leo zinatafutwa. Lakini tuseme ukweli wote. Romain-Desfossés alikuwa anawalinda wanafunzi wake na Ulaya kama vile mtu analinda okapi katika hifadhi. Kazi zao zikanunuliwa na Wazungu walewale. Alipofariki mwaka 1954, karakana ikaingizwa katika akademia iliyoanzishwa na Laurent Moonens mwaka 1951 kwenye mji uleule.

Upande wa magharibi kulikuwa na njia nyingine. Mwaka 1943, Bruda Marc-Stanislas, yaani Victor Wallenda, alianzisha shule ya Saint-Luc kule Gombe-Matadi. Mwaka 1949 ilihamia Léopoldville, na mwaka 1957 ikawa Akademia ya Sanaa, ileile ya Kinshasa tunayoijua. Pale mwanafunzi alifundishwa kwa utaratibu: kuchora mwili wa mtu, kuchonga, kufinyanga, kupima. Alfred Liyolo, mchongaji maarufu aliyefariki mwaka 2019, alipita huko kabla ya kuendelea na masomo Vienna, mji uleule wa Cižek. Dunia kweli ni ndogo.

Na hao wakubwa, wao walifuata nani?

Sasa turudi kwenye telefone yetu na wale mabwana, Picasso na Matisse.

Mwaka 1906, Henri Matisse alinunua katika duka moja la Paris sanamu ndogo ya watu wa Vili, wa pwani ya Loango, upande wa mdomo wa mto Kongo. Alimwonyesha Picasso. Mwaka 1907 Picasso akaingia makumbusho ya Trocadéro, akakuta vinyago vya Afrika. Mwaka huohuo akachora ile picha kubwa ya wanawake watano, na nyuso mbili upande wa kulia zinafanana na vinyago. Matisse yeye alikusanya vitambaa vya rafia vya Wakuba wa Kasai, vyenye pembe na mistari inayokatika ghafla, akavitundika ukutani akivitazama miaka mingi.

Kwa hiyo mwalimu wa Bunia akiwaambia watoto wachore kama Picasso, anarudisha nyumbani kitu kilichosafiri. Si vibaya. Lakini mtoto ana haki ya kuambiwa hadithi yote. Picasso ana jina, tarehe ya kuzaliwa, na kitabu chake. Mtu aliyechonga ile sanamu ya Vili ameitwa tu "Mvili". Mama wa Kasai aliyedarizi kile kitambaa ameitwa "Mkuba". Hapo ndipo swali la "nani aliamua nani mkubwa" linapopata jibu lake. Mkubwa ni yule ambaye mtu aliandika jina lake.

Wasanii wakubwa wa Ituri

Na hili linatugusa sisi zaidi ya wengine. Ukitoka Bunia ukapita Komanda kwenda Mambasa na Epulu, unaingia nchi ya Wambuti na Waefe. Huko kuna sanaa ambayo makumbusho ya Ulaya na Marekani yanaitunza kwa heshima: nguo za gome la mti zilizochorwa.

Kazi inagawanyika. Mwanaume anabandua gome la ndani la mti, mara nyingi wa jamii ya mtini, analilowesha na kulipigapiga kwa nyundo ya mbao au ya pembe mpaka linakuwa laini na pana kama kitambaa. Mwanamke ndiye anayechora. Rangi nyeusi inatoka kwenye maji ya tunda la pori la jamii ya gadenia, yanayochanganywa na makala. Brosi ni kijiti au kidole. Hakuna mchoro wa mwanzo wala rula. Anaanza pembeni na mistari, inakutana, inakatika, inageuka nukta, halafu ghafla anaacha sehemu tupu. Ile sehemu tupu si kusahau. Watu waliosoma sanaa hii wameilinganisha na nyimbo za Wambuti, ambamo kila mmoja ana sauti yake, anaingia na kunyamaza kwa wakati wake, na wimbo hauvunjiki.

Nguo hizo zilivaliwa katika ngoma na sherehe. Miaka ya 1970 na 1980 wanunuzi walizichukua kwa wingi, zikaenda Bruxelles, Paris, New York. Mwaka 1995 kilitoka kitabu kizima kuhusu michoro ya wanawake hao, cha Georges Meurant na Robert Farris Thompson. Wasomi waliandika kwamba hawa ni wasanii wa abstrakti wa hali ya juu. Lakini chini ya nguo nyingi, ndani ya kioo cha makumbusho, pale jina la msanii linapotakiwa kukaa, utakuta tu: Mbuti, pori ya Ituri.

Jirani zetu wa kaskazini, Wamangbetu, hali ni ileile. Nyumba za Ekibondo zilichorwa kuta zake kwa pembetatu na mistari mpaka zikawekwa kwenye kadi za posta zilizouzwa kila mahali wakati wa ukoloni. Wamarekani Herbert Lang na James Chapin walikaa upande huo kuanzia 1909 mpaka 1915, wakapeleka maelfu ya vitu kwenye makumbusho ya New York. Mtoto wa New York anaenda na darasa lake kuvitazama na kuvichora. Mtoto wa Bunia anachora chungu cha maua.

Uganda, ufundi wa nguo za gome wa Baganda ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Watoto wao wanajua kwamba ni kitu cha thamani. Sisi hapa, ukimwambia mtoto wa mjini kwamba msanii mkubwa ni mama Mmbuti, wengine watacheka. Tusikatae, tunajua vile watu mingi hapa wanawaongelea Wambuti. Kwa hiyo somo la kuchora, kama likifundishwa vizuri, linaweza kuponya kitu ambacho hata somo la uraia halijafika.

Tshibumba na yule mtoto wa godoro

Nimebakiza mmoja, na kwangu ndiye muhimu kushinda wote. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa Elisabethville mwaka 1947. Hakupita akademia. Alichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga na kuuza picha zake kwa watu wa kawaida, watundike sebuleni. Mwaka 1973 na 1974 alichora picha zaidi ya mia moja zinazosimulia historia ya Kongo tangu mwanzo: kufika kwa Wazungu, machimbo, mgomo, uhuru, Lumumba, vita ya Katanga. Alimwelezea kila picha mtafiti Johannes Fabian, na maelezo hayo aliyatoa kwa Kiswahili, Kiswahili cha Katanga, kilicho ndugu wa hiki chetu. Yalitoka katika kitabu mwaka 1996. Tshibumba mwenyewe alikuwa ametoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo hakuna aliyeleta habari zake.

Hakujiita mchoraji tu. Alijiita mwanahistoria. Alichora ili watu wasisahau.

Sasa mufahamu kwa nini nilinyamaza vibaya ile Ijumaa. Mtoto yule alichora nyumba, avoka, na mtu mwenye godoro kwa kichwa. Alikuwa anafanya kazi ya Tshibumba, bila kumjua. Sisi tulimwambia afute ili arudi kwenye chungu. Kama ningekuwa najua historia hii, ningekuwa na neno la kumwambia mwalimu mwenzangu, kwa heshima: "Mkubwa, huyu mtoto hajatoka nje ya somo. Katika historia yetu, hii nayo ni shule."

Kesho darasani

Sisemi tufukuze Picasso. Todd alikuwa na haki: mtoto wetu ni mtoto wa dunia. Wala sisemi tumwache mtoto peke yake na karatasi nyeupe, juu wengi wataogopa karatasi hiyo na kuchora bendera. Ninachosema ni kwamba msanii mkubwa aingie darasani kama mzee anayeonyesha namna ya kushika jembe. Shamba linabaki la mtoto.

Kwa Pilipili, mtoto achukue nukta: achore mnyama anayemjua, kisha ajaze hewa ya nyuma kwa nukta za kreyo. Kwa Bela, achukue vidole: udongo mwekundu wa hapa Bunia ukilowana unatosha kuwa rangi, na makala ya jikoni yakisagwa ni nyeusi safi. Kwa Mwenze, achukue mstari mfupi. Kwa mama wa Ituri, achukue ujasiri wa kuacha sehemu tupu, na kipande cha karatasi ya mfuko wa simenti kinaweza kukaa mahali pa gome. Kwa Matisse, mkasi. Kwa Tshibumba, achukue swali moja tu: nini kilitokea, na wewe ulikuwa wapi? Swali hilo lisilazimishwe kwa mtoto yeyote. Anayetaka kuchora godoro achore godoro, anayetaka kuchora mpira achore mpira. Na anayechora vita asikaripiwe wala asihojiwe mbele ya wenzake. Mwalimu akae karibu, asikilize.

Vifaa hivyo havingoji mradi wala NGO. Darasa la watoto sitini linaweza kuanza Ijumaa hii.

Halafu, kila mtoto aandike jina lake chini ya mchoro. Jina lote, na tarehe. Inaonekana kitu kidogo, lakini tumeona mbele hapo bei ya jina lisiloandikwa.

Na kwa sisi wahitimu nina ombi. Wale mulio Mambasa, Epulu, Komanda, Nia-Nia, mukiona mama anachora gome, au bibi anayekumbuka alivyochora, mukae naye. Muombe ruhusa, muandike jina lake, kijiji chake, na namna alivyofundishwa na mama yake. Mumpigie picha akikubali, na mumrudishie nakala. Vitabu vya wageni tunavyo tayari. Majina ndiyo hatuna, na wenye kuyajua wanazeeka.

Tuonane kwenye mazungumzo. Walimu wa primeri, hasa ninyi, nasubiri kusikia munafanyaka nini saa hiyo ya Ijumaa.